Tom Rolt, fundi aliyekataa mashine za kale zife

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Mei 1951, watu walikusanyika katika kituo kidogo cha reli cha Tywyn, mji wa pwani ulioko magharibi mwa Wales. Macho yao yalielekea kwenye injini ya mvuke iliyoitwa Dolgoch. Injini hiyo iliundwa mwaka 1866, na siku hiyo ndiyo pekee ya reli ile iliyokuwa na uwezo wa kusafiri. Kama ingeharibika njiani, hapakuwa na nyingine ya kwenda kuivuta. Aliyebeba dhima ya safari hiyo alikuwa mwanamume wa miaka 41 aliyeitwa Lionel Thomas Caswall Rolt. Marafiki zake walimwita Tom.

Treni iliondoka, ikapanda hadi kituo cha Rhydyronen, kilomita chache kutoka baharini, kisha ikarudi salama. Kwa macho ya mpita njia ilikuwa safari ndogo ya treni ndogo. Hata hivyo, jambo lile halikuwahi kutokea popote duniani. Reli ya umma iliyokuwa imefika ukingoni mwa kaburi ilikuwa imeokolewa na watu wa kujitolea, nao ndio waliokuwa wakiiendesha: makarani, mafundi, walimu na wanafunzi waliotoa siku zao za mapumziko bila ujira.

Maisha ya Rolt yalikuwa maisha ya mtu aliyependa vyombo vikuukuu, yaani magari, boti, injini za mvuke na reli. Lakini hakuvipenda kama watu wapendavyo pambo la kabatini. Kwake yeye, chombo kilichosuguliwa hadi kikang'aa kisha kikaachwa kimya kilikuwa bado hakijaokoka. Kiliokoka pale tu kiliporudi kufanya kazi kiliyoundwa kuifanya. Imani hiyo ilimpa furaha kubwa kuliko zote alizozijua, na pia ilimgharimu mengi.

Moshi juu ya mashamba

Rolt alizaliwa tarehe 11 Februari 1910 katika mji wa Chester, kaskazini-magharibi mwa England. Baba yake alikuwa ametembea dunia kutafuta riziki. Alifanya kazi katika ranchi ya ng'ombe nchini Australia na katika shamba kubwa huko India, na mwaka 1898 alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia dhahabu ya Yukon nchini Canada, asipate kitu. Aliporudi alitulia karibu na mji wa Hay-on-Wye, mpakani mwa England na Wales, na huko ndiko Tom alikokulia utotoni, kati ya milima na mito.

Mwaka 1920 mambo yaligeuka. Kampuni ambayo baba yake alikuwa amewekeza mali yake ilianguka, na sehemu kubwa ya fedha za familia ikapotea. Wakahamia katika nyumba ya mawe kwenye kijiji cha Stanley Pontlarge, mkoani Gloucestershire. Mtoto alipelekwa shule ya Cheltenham, lakini moyo wake haukuwa vitabuni. Alipotimiza umri wa miaka 16 aliacha shule, akaenda kujifunza kazi ya mitambo ya mvuke ya mashambani.

Kilimo cha mvuke kilikuwa kitu cha kustaajabisha. Injini mbili kubwa za chuma, kila moja ikiwa na boila, bomba la moshi na magurudumu mapana, zilisimama kwenye ncha mbili za shamba. Kati yao ulinyoshwa waya mnene wa chuma, na waya huo ndio uliovuta jembe kubwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Injini moja ilipovuta, nyingine ilisubiri zamu yake, na madereva waliokuwa mbali mno kusikizana kwa sauti walipeana ishara kwa honi za mvuke. Rolt aliingia katika kazi hiyo wakati ikielekea machweo. Trekta za mafuta, ndogo na nafuu, zilikuwa zimeanza kuingia mashambani. Kijana huyo alijifunza ufundi ambao miaka michache baadaye ulikuwa umetoweka karibu wote.

Kutoka hapo alikwenda Stoke-on-Trent kuwa mwanagenzi katika kiwanda cha Kerr Stuart, kilichounda injini za treni. Mjomba wake, Kyrle Willans, alikuwa mhandisi mkuu wa ubunifu wa kiwanda hicho. Huko Rolt aliona jinsi bamba la chuma linavyokunjwa kuwa boila, jinsi gurudumu linavyochongwa hadi likae sawasawa kwenye ekseli yake, na jinsi mzee wa karakana anavyotambua kosa kwa kugusa tu kwa kidole. Mwaka 1930 kiwanda kikafilisika. Mashine zikanyamaza, na watu waliokuwa na maarifa ya miaka arobaini mikononi mwao wakatoka nje ya lango bila kazi. Rolt naye alikuwa miongoni mwa waliotoka. Alikuwa na umri wa miaka 20, na alikuwa ameshuhudia ufundi wa aina mbili ukifa.

Gereji kando ya barabara kuu

Katika miaka hiyo ya ukosefu wa ajira, Rolt aligeukia magari. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa hivyo hivyo. Viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kutoa magari mengi yanayofanana kwa bei nafuu, na wanunuzi waliyakimbilia. Magari ya muongo uliotangulia yaliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Yalikuwa hayajazeeka vya kutosha kuheshimiwa kama kumbukumbu, wala hayakuwa mapya vya kutosha kutamaniwa.

Rolt na wenzake waliyaona kwa jicho jingine. Mengi ya magari hayo yalikuwa yametengenezwa na mafundi waliopewa muda wa kufanya kazi yao vizuri. Chuma chake kilikuwa kizito, vipuri vyake viliweza kufunguliwa na kurekebishwa, na kila gari lilikuwa na tabia yake. Rolt alinunua ubia katika gereji moja huko Hartley Wintney, mkoani Hampshire, jirani na baa iliyoitwa Phoenix. Hata gari la gereji hiyo la kuvutia magari mabovu lilikuwa la ajabu: Rolls-Royce Silver Ghost ya mwaka 1911 iliyofanyiwa mageuzi.

Mwaka 1934 Rolt, mwenye baa aliyeitwa Tim Carson, na wapenzi wengine wa magari walianzisha Vintage Sports-Car Club, klabu ya magari ya michezo ya zamani. Kipimo chao kilikuwa wazi: gari liwe limetengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1930. Haikuwa klabu ya matajiri. Wengi wa wanachama wa mwanzo walikuwa vijana wenye mifuko myepesi, waliomudu magari hayo kwa sababu tu hakuna mwingine aliyeyataka. Waliyanunua yakiwa na kutu, wakayafungua hadi msumari wa mwisho, wakayaosha kwa mafuta ya taa, wakachonga wenyewe vipuri visivyouzwa tena madukani, wakayafunga upya. Kisha waliyapeleka mashindanoni na kuyakimbiza kwa nguvu zake zote. Rolt alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha mashindano ya kupanda kilima cha Prescott, si mbali na nyumba ya wazazi wake. Yalianza mwaka 1938, na hadi leo magari ya kale hupanda kilima hicho yakishindana na saa.

Gari lake mwenyewe lilikuwa Alvis ya viti viwili ya mwaka 1924, yenye mkia uliochongoka kama wa bata. Kuliendesha gari la namna hiyo ni kazi ya mwili mzima. Gia zake hazina kitu cha kuzisaidia kukutana, kwa hiyo mguu, mkono na sikio havina budi kukubaliana katika nukta moja, la sivyo chuma hupiga kelele. Dereva husikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto, na huo ndio utamu wa kumiliki gari kama hilo. Lenyewe humfundisha mwenyewe, na kila kasoro aliyoirekebisha kwa mikono yake humfanya alijue zaidi. Rolt aliinunua Alvis hiyo akiwa kijana, akakaa nayo hadi kifo chake.

Mapenzi hayo yalimfanya ajiulize swali gumu. Katika kitabu chake kuhusu historia ya magari, kilichotoka mwaka 1950, alionya kwamba njia mpya ya kuzalisha kwa wingi ilikuwa ikielekea mahali ambapo mashine zingezaa mashine nyingine, na mtu angebaki mtazamaji. Hakuwa adui wa mashine. Alichokichukia ni mashine isiyomhitaji fundi, kwa sababu aliamini kwamba mtu aliyenyang'anywa ufundi wake amenyang'anywa sehemu ya utu wake.

Nyumba inayoelea

Mjomba Willans alikuwa amewahi kununua boti ya mbao iliyoitwa Cressy. Ilikuwa boti ndefu na nyembamba ya mizigo, ya aina iliyovutwa na farasi kwenye mifereji ya England. Willans aliifunga injini ya mvuke, akagundua kwamba moshi humziba macho nahodha ndani ya mapango ya mfereji, akaiondoa na kuweka injini ya gari la Ford. Baadaye aliiuza, na mwaka 1936 akainunua tena. Rolt alisafiri nayo mara kadhaa, akapendezwa mno, akaamua kuinunua kutoka kwa mjomba wake na kuifanya nyumba ya kuishi.

Mwaka 1939, katika karakana ya boti ya Tooley mjini Banbury, Cressy ilikarabatiwa. Ndani yake Rolt aliweka vyumba, rafu za vitabu, na hata beseni kubwa la kuogea, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwenye boti za mifereji. Mwezi Julai mwaka huo alioa, na siku chache baadaye yeye na mkewe waling'oa nanga. Wakati ule mifereji hiyo, iliyochimbwa karne ya 18 kubeba makaa ya mawe na bidhaa za viwandani, ilikuwa imeshindwa na reli na malori. Mingi ilijaa tope na majani. Malango ya mbao ya kupandishia na kuteremshia maji yalikuwa yakioza. Familia zilizoishi na kufanya kazi kwenye boti, zenye desturi na michoro yao ya rangi, zilizidi kupungua.

Vita vya Pili vya Dunia vilianza wakiwa bado majini. Rolt alifanya kazi kwa muda katika kiwanda cha Rolls-Royce mjini Crewe, kilichounda injini za ndege za kivita, na huko aliyaonja mwenyewe maisha ya kurudia tendo lile lile kutwa nzima. Hakuyapenda. Katika miaka hiyo aliandika habari za safari zake, na kitabu hicho, Narrow Boat, kilichapishwa Desemba 1944. Taifa lililochoshwa na mabomu na mgao wa chakula lilikipokea kwa shauku kubwa. Watu waliokuwa wamesahau kabisa kwamba mifereji ipo walianza kuiulizia.

Mmoja wa wasomaji hao, Robert Aickman, alimwandikia Rolt, na mwaka 1946 wawili hao pamoja na wenzao walianzisha chama cha kutetea njia za maji za ndani ya nchi, Inland Waterways Association. Silaha yao ilikuwa chombo chenyewe. Kusini mwa Birmingham, mahali paitwapo Lifford Lane, daraja la kuinuliwa lilikuwa limewekwa chini kiasi kwamba boti hazikuweza kupita, ingawa sheria bado ilitambua haki ya kupita. Suala lilifikishwa bungeni, na jibu likawa kwamba daraja lingeinuliwa iwapo taarifa ingetolewa kabla. Mwezi Mei 1947 Rolt alitoa taarifa kwamba Cressy ingepita. Wafanyakazi walilazimika kuliinua daraja kwa jeki, na boti ile ya mbao ikajikokota kwenye tope na takataka hadi ikatokea upande wa pili. Haki iliyokuwa imelala kwenye karatasi iliamshwa na mtu mmoja aliyeamua kuitumia.

Reli iliyosahauliwa

Katika milima ya Wales kulikuwa na chombo kingine kilichokuwa kikingoja kufa. Reli ya Talyllyn ilijengwa miaka ya 1860 ili kuteremsha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi Tywyn. Ilikuwa nyembamba sana. Reli za kale za Kenya, Uganda na Tanganyika zilijengwa kwa upana wa mita moja, lakini ya Talyllyn haikufika hata sentimita 70. Iliponunuliwa na mbunge Sir Henry Haydn Jones, pamoja na machimbo yake, ilikuwa tayari imechakaa. Machimbo yalifungwa mwishoni mwa mwaka 1946. Serikali ilipotaifisha reli za nchi mwaka 1948, hii iliachwa nje ya orodha.

Sir Haydn alikuwa ameahidi kwamba treni ingeendelea kusafiri maadamu yeye yu hai, na aliitimiza ahadi hiyo kwa hasara yake mwenyewe. Tarehe 2 Julai 1950 alifariki dunia. Kila mtu alitarajia kwamba msimu ule ungekuwa wa mwisho, kisha reli zingeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Rolt alikuwa ameijua reli hiyo na kuihurumia. Tarehe 11 Oktoba 1950, katika Hoteli ya Imperial mjini Birmingham, yeye na wenzake waliitisha mkutano wa hadhara. Pendekezo lao lilisikika kama ndoto ya mchana: watu wa kawaida, wengi wao wakiishi mbali na Wales, waunde chama, wachange fedha, na waiendeshe reli hiyo wenyewe. Kikaundwa chama cha kuihifadhi Reli ya Talyllyn. Mjane wa Sir Haydn aliafiki, na Edward Thomas, msimamizi aliyeitumikia reli hiyo kwa miongo mingi, akakubali kushirikiana nao. Rolt alikabidhiwa cheo cha meneja mkuu.

Alichokabidhiwa kilikuwa zigo zito. Sehemu kubwa ya reli ilikuwa ile ile iliyolazwa wakati wa ujenzi. Mataruma yalikuwa yameoza kiasi kwamba, mahali pengi, kilichozuia reli zisitengane kilikuwa nyasi na mizizi yake. Injini ya kwanza ya kampuni, iliyoitwa Talyllyn, ilikuwa haiwezi kazi. Ilibaki Dolgoch peke yake. Chama kilinunua injini mbili kutoka reli jirani ya Corris iliyokuwa imefungwa, kila moja kwa pauni 25. Moja ya hizo, iliyopewa jina la Edward Thomas, ilikuwa imeundwa mwaka 1921 katika kiwanda cha Kerr Stuart, kile kile ambacho Rolt alijifunzia ufundi na kukiona kikifa. Ya pili, iliyopewa jina la Sir Haydn, ilishindwa mapema. Reli zilikuwa zimeachana kupita kipimo, na magurudumu yake yakawa yanadondoka katikati.

Hivyo msimu wa mwaka 1951 uliendeshwa kwa injini moja iliyozaliwa kabla ya babu za baadhi ya waliokuwa wakiitia makaa. Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Mtu huamka alfajiri, hukagua maji kwenye boila, huwasha kuni, huongeza makaa kidogo kidogo, na husubiri saa kadhaa hadi mvuke upate nguvu. Jioni huzima moto, huondoa majivu, hupaka mafuta kila kiungo kinachosuguana. Vijana waliotoka ofisini na vyuoni walijifunza kazi hizo wakiwa wamejaa masizi hadi masikioni, huku wengine wakibeba mataruma mapya mabegani kwenye mvua ya Wales. Hawakulipwa, na wengi wao walirudi mwaka uliofuata.

Dolgoch haikuwaangusha. Mwaka 1952 Edward Thomas ilirudi kutoka kwenye matengenezo iliyofanyiwa na kampuni ya Hunslet ya mjini Leeds, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mwanachama na hakudai malipo. Hatari kubwa ikapita. Rolt aliiongoza reli kwa misimu hiyo miwili, kisha akawaachia wengine, akaandika kisa chake katika kitabu Railway Adventure kilichotoka mwaka 1953. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya kuchekesha, The Titfield Thunderbolt, iliyochochewa na habari za reli ile. Kasisi mmoja aliyekuja kujitolea, Wilbert Awdry, mtunzi wa hadithi za watoto za treni iitwayo Thomas, aliichukua Talyllyn na kuigeuza kuwa reli ya Skarloey katika vitabu vyake.

Mwaka wa hasara na faida

Mwaka 1951, uliompa Rolt ushindi wa Tywyn, ndio pia uliompokonya karibu kila kitu kingine. Ndani ya chama cha mifereji alikuwa amehitilafiana na Aickman. Rolt aliwaza kwanza juu ya familia za boti na njia ambazo bado zilikuwa na kazi, ilhali Aickman alitaka kila mfereji uokolewe na kufunguliwa. Ugomvi ulikua hadi Rolt akafukuzwa katika chama alichokianzisha mwenyewe. Ndoa yake nayo ilivunjika mwaka huo, baada ya miaka kumi na miwili ya kuishi majini.

Kisha kulikuwa na Cressy. Mbao zake, zilizokaa majini zaidi ya miaka thelathini, zilikuwa zimeoza. Kuzibadilisha kungedai fedha ambazo hakuwa nazo. Aliiacha, na boti hiyo haikuishi muda mrefu baada yake. Boti iliyoliamsha taifa zima likaikumbuka mifereji yake yenyewe haikuokolewa. Mtu aliyeokoa mashine za watu wengine alishindwa kuiokoa nyumba yake.

Huenda ndipo somo la maisha yake lilipokomaa. Chombo cha kale hakitoshelezwi na mapenzi ya mmiliki mmoja, awe hodari kiasi gani. Mtu huzeeka, huishiwa fedha, huondoka. Cressy ilimtegemea yeye peke yake, ikafa. Talyllyn iliwategemea mamia ya watu waliokuwa tayari kupokezana spana na koleo, ikaishi. Furaha ya kukarabati inaweza kuanza na mtu mmoja chini ya gari lake gerejini, lakini ili idumu haina budi kuwa na warithi.

Rolt alirudi Stanley Pontlarge, kwenye nyumba ya mawe ya wazazi wake. Alioa tena. Mkewe Sonia wakati wa vita alikuwa mmoja wa wanawake waliojitolea kuendesha boti za mizigo kwenye mifereji, na aliyapenda mambo yale yale. Walilea watoto wawili wa kiume. Kalamu ndiyo iliyowalisha. Mwaka 1957 Rolt alichapisha maisha ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel, mjenzi wa reli, madaraja na meli. Mwaka uliofuata aliandika ya Thomas Telford, na mwaka 1960 ya George na Robert Stephenson. Alikuwa anajua kwa mikono yake mambo aliyoyaandika, na kwa sababu hiyo wasomaji wasio wahandisi waliweza kuelewa jinsi daraja linavyosimama na kwa nini boila hupasuka.

Serikali na wataalamu, ambao zamani wangemwona mpenda vyuma vibovu tu, walianza kumwomba ushauri. Aliketi katika baraza la ushauri la Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London, akashiriki katika juhudi za kuanzisha jumba la taifa la makumbusho ya reli mjini York, na kuunga mkono makumbusho ya Ironbridge, bonde ambako lilijengwa daraja la kwanza kubwa la chuma duniani. Mwaka 1973 akawa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa akiolojia ya viwanda. Alifariki dunia tarehe 9 Mei 1974 akiwa na umri wa miaka 64, mwaka mmoja kabla ya jumba la York kufungua milango yake.

Leo Uingereza ina zaidi ya reli mia moja za kale zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Mifereji iliyokuwa ikijaa tope ina maelfu ya boti. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo ya machimbo ya mawe ya kaskazini-magharibi mwa Wales katika orodha ya urithi wa dunia, na Reli ya Talyllyn imo ndani yake. Dolgoch ingalipo, na bado huvuta mabehewa kutoka Tywyn kuelekea milimani.

Kwenye reli hiyo hiyo kuna injini nyingine, namba 7. Iliundwa Scotland mwaka 1949 kwa ajili ya mabonde ya Ireland, ili ichome udongo mkavu wa kinamasi badala ya makaa ya mawe, lakini huko haikupata kazi ya kudumu. Wanachama wa Talyllyn waliinunua ikiwa haina wa kuitaka, wakaifungua, wakaigeuza umbo na kuipunguza upana ili itoshee reli yao, kazi iliyochukua miaka mingi. Mwaka 1991 iliwashwa na kuingia kazini. Waliipa jina la Tom Rolt.